Si Kila Mhamaji Ana Farasi

Kila nikishika hadithi ya kubuni yenye kabila la wafugaji wanaohamahama, sijafika ukurasa wa tatu farasi ameshaingia. Sina ugomvi na Wamongolia. Ila ukitaka wahamaji wanaopigana kwa miguu, mfano tunao hapa hapa Afrika Mashariki: morani, vijana wapiganaji wa Kimaasai wa karne ya 19. Hebu tuyapitie madai yanayorudiwa juu ya wahamaji, moja moja.

"Mhamaji bila farasi si tishio." Mbung'o na maradhi ya farasi yaliufanya ukanda huu kuwa mgumu kwa mnyama huyo. Waborana wa kaskazini walimpanda. Wamaasai walikwenda kwa miguu na bado walitamba nyikani kutoka Laikipia hadi kusini ya Kilimanjaro. Mwaka 1857 kundi lao lilifika jirani na Mombasa likawashinda Wabaluchi, yaani askari wa asili ya Baluchistan huko Asia, na Waarabu, wote wenye bunduki. Gobori hupiga mara moja, kisha mwenyewe aanze kushindilia baruti upya. Kwa mtu mwenye mbio, nafasi hiyo inatosha.

"Mkuki ni wa kurusha." Ndivyo michezo ya kompyuta inavyotufundisha. Utazame mkuki wa morani ulioenea mwishoni mwa karne ile: juu kengee refu la chuma, katikati kipande kifupi cha mti cha kushikia, chini chuma tena, kimechongoka, cha kuuchomeka ardhini. Karibu wote ni chuma. Kazi yake kubwa ni kuchoma ukiwa mkononi, maana ukiurusha ukakosa, umemgawia adui silaha. Cha kurusha ni rungu. Kiunoni kuna sime, na mkono wa kushoto ngao ya ngozi ya nyati yenye michoro myekundu, myeusi na myeupe. Waandishi wengi huiona michoro hiyo kama pambo, kumbe inaonyesha mwenye ngao ni wa kundi gani. Kwenye vumbi la vita, hiyo ndiyo sare.

"Wahamaji hujitengenezea kila kitu." Mikuki ilifuliwa na Ilkunono, wahunzi ambao Wamaasai wengine hawakukubali kuoana nao. Kabla ya kushika chuma kilichotoka mkononi mwa mhunzi, mtu alijipaka mafuta kiganjani kwanza. Na seng'enge ya chuma ililetwa na misafara ya pwani. Shujaa anamtegemea mhunzi, lakini binti wa mhunzi hawezi kumwoa: hapo una hadithi nzima, na joka hulihitaji.

"Upinde hawaujui." Wanaujua sana. Humchoma nao ng'ombe mshipa wa shingo wapate damu ya kunywa, kwa mshale wenye kizuizi usije ukazama. Vitani ndipo walipowaachia wawindaji wa Kindorobo na Wakamba. Matokeo yake, uwandani walikuwa moto, lakini msituni Wakikuyu waliwasumbua, kwa sababu mbio na mkuki mrefu havina nafasi katikati ya miti.

"Ni kundi la watu wenye hasira tu." Morani ni watu wa rika moja: wametahiriwa kipindi kimoja, wamekaa manyatta moja, yaani kambi ya morani, wana msemaji wao, olaiguenani. Laiboni, mganga na mtabiri wao, huombwa baraka kabla ya safari. Watu waliokua hivyo hawahitaji jemadari wa kuwapangia nani asimame ubavuni mwa nani.

"Wanakwenda kuua." Wanakwenda kuchukua ng'ombe, na hili likieleweka mbinu zote hubadilika. Kwenda ni kwepesi: mkuki, ngao, na usiku. Kurudi ndiyo vita yenyewe. Sasa una kundi la ng'ombe wenye kiu wasiojali haraka zako, ndama wanabaki nyuma, majike yanageuka kuwatafuta, na vumbi linamwonyesha mwenye mali ulipo. Wengine waswage, wengine wabaki nyuma kuzuia, na kila anayebaki nyuma ni mkono mmoja umepungua kwenye kuswaga. Sijakutana bado na hadithi ya kubuni inayoanzia hapo, alfajiri, maji yako mbali, na nyayo za wanaofuata zinasikika. Mimi ningeanzia hapo.