Yuka ya Colorado: ipe mahali pake, kisha iache

Mtu akiniuliza apande nini ili apunguze bili ya maji hapa Denver, jijini Colorado nchini Marekani, jibu langu la kwanza ni yuka asilia ya tambarare hizi, Yucca glauca. Mvua na theluji zetu za mwaka mzima hazifiki milimita 400, na ukoka wa kijani hauishi kwa kiasi hicho bila mpira wa maji. Mamlaka ya maji ya hapa, Denver Water, imekuwa ikihimiza bustani za maji kidogo tangu 1981.

Aliyekulia karibu na mashamba ya Tanga ataitambua haraka, maana ni ya ukoo mmoja na mkonge. Tofauti ni kwamba mkonge ukishachanua hufa, ilhali yuka huchipua pembeni ikaendelea miaka mingi. Majani yake ni membamba na yana ncha kali. Ipande mbali na njia wanapopita watoto.

Baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri inaivumilia. Isichovumilia ni maji kutuama mizizini, hasa wakati wa baridi. Udongo wa mitaa yetu mingi ni mfinyanzi, kwa hiyo mimi hupandia juu ya tuta la mchanga na kokoto, kwenye jua la kutwa. Samadi siweki kabisa. Juu natandaza changarawe; vipande vya mbao hushika unyevu shingoni mwa mmea na kuuozesha.

Nunua mche mdogo wa kitalu. Usiende kuing'oa porini: mzizi wake mkuu huzama chini sana, utaukata tu na mmea utakufa mikononi mwako. Kwa sababu hiyohiyo chagua mahali mara moja, maana ukiihamisha baadaye, mizizi iliyobaki itachipua palepale. Kiangazi cha kwanza mwagilia kwa kina kila wiki mbili hivi, cha pili mara chache, halafu iachie mvua.

Utasubiri maua miaka kadhaa. Yakija, Mei au Juni, toka nje usiku uyaangalie kwa tochi. Utaona nondo weupe wadogo, Tegeticula yuccasella. Jike hukusanya chavua, akaifinyanga kuwa donge chini ya kichwa, akaruka hadi ua jingine. Hapo hutaga mayai ndani ya ovari, kisha hupanda juu na kuisukumia chavua mahali pake. Bila yeye yuka hii haizai, na bila yuka viwavi wake hawana chakula. Hula sehemu ya mbegu, nyingine hukomaa.

Viwavi wakishiba hutoboa tunda, hushuka na kujichimbia ardhini hadi msimu wa maua urudi. Ndiyo maana nawasihi wateja wangu wasitandike plastiki chini ya changarawe, wala wasipulizie dawa ya wadudu kwenye maua.