Kukoroma, koo finyu na pumzi kukatika usingizini: maswali na majibu

Swali: Nilikwenda hospitali kwa sababu presha yangu haishuki hata kwa dawa. Daktari akachukua futi kamba akanipima shingo, kisha akaniambia nifungue mdomo na kutoa ulimi. Shingo na ulimi vinaingiaje kwenye presha?

Jibu: Presha inayokataa kushuka ni moja ya mambo yanayomfanya daktari ashuku kwamba mgonjwa wake hukatika pumzi akiwa amelala. Njia ya hewa nyuma ya ulimi na kaakaa laini (sehemu ya nyuma ya paa la mdomo) huziba, kifua kinahangaika kuvuta, hewa haipiti. Oksijeni inashuka kwenye damu, presha inapanda, ubongo unashtuka na kumwamsha mtu nusunusu. Njia inafunguka kwa mkoromo mkubwa, anavuta hewa, anazama tena usingizini, na mambo yanaanza upya. Kupanda huko kwa presha kila usiku ndiko kunakozoeza mwili kuwa na presha hata mchana. Asubuhi mwenyewe hakumbuki kitu. Anajua tu kwamba ameamka amechoka, pengine na kichwa kinauma.

Sasa, kwa nini koo? Kwa sababu sehemu hiyo ya koromeo haina mfupa wala gegedu la kuishikilia ibaki wazi. Inategemea misuli. Ukiwa macho, misuli huuvuta ulimi mbele na kulikaza koo. Ukilala inalegea, na unapovuta hewa, kuta laini zinavutwa ndani kama mrija mwepesi unaonyonywa kwa nguvu. Aliyezaliwa na nafasi kubwa anaweza kulegea na bado hewa ikapita. Aliye na nafasi finyu hana akiba hiyo.

Swali: Daktari anatafuta nini hasa mtu anapofungua mdomo?

Jibu: Kipimo kinachotumika zaidi kinaitwa Mallampati, kwa jina la daktari wa nusukaputi aliyekichapisha mwaka 1985. Yeye hakuwa anatafuta wakoromaji. Alitaka kujua mapema ni mgonjwa yupi atakuwa mgumu kuwekewa mpira wa kupumulia kabla ya upasuaji. Awali madaraja yalikuwa matatu. La nne liliongezwa na madaktari wengine mwaka 1987. Baadaye wataalamu wa usingizi wakaliazima wazo lenyewe, maana koo linalomficha daktari asione ndani mara nyingi ndilo linaloibana hewa usiku.

Unakaa wima, kichwa kikiangalia mbele, unafungua mdomo wote na kutoa ulimi bila kutoa sauti. Daraja la kwanza, vinaonekana kaakaa laini, kimeo chote (kile kinyama kinachoning'inia katikati) na nguzo za nyama kulia na kushoto. La pili, nguzo zimejificha lakini kimeo kinaonekana. La tatu, unaona shina la kimeo tu, ncha imezama nyuma ya ulimi. La nne, ulimi umejaa kiasi kwamba kinachoonekana ni kaakaa gumu peke yake.

Hapo kwenye "bila kutoa sauti" ndipo watu wanaojipima mbele ya kioo wanapoharibu. Ukisema "aaa", kaakaa laini linapanda, koo linafunguka, na wa daraja la tatu anajiona wa pili. Ndiyo sababu picha ya mdomo iliyopigwa kwa simu haina uzito mkubwa. Wapo pia madaktari wanaopendelea ulimi ubaki ndani ya mdomo ukiwa umetulia, kwa hoja kwamba hakuna mtu anayelala akiwa ameutoa ulimi nje. Binafsi naona hoja hiyo ina mantiki.

Akiwa bado anaangalia, daktari mzuri ataona na mengine: tonsili zimekua kiasi gani, kaakaa la juu limepinda na kuwa jembamba kama kuba, taya la chini limerudi nyuma, kingo za ulimi zina alama za meno. Hizo alama ni vishimo vidogo vilivyopangana ubavuni mwa ulimi, ishara kwamba ulimi umekosa nafasi ya kukaa na unasukumana na meno.

Swali: Shingo naweza kujipima mwenyewe?

Jibu: Ndiyo, na hiki ni kipimo kisicho na ufundi mwingi. Simama wima, angalia mbele, mabega yashuke. Zungusha futi kamba shingoni chini kidogo ya kikoromeo, yaani kile kifundo kinachopanda na kushuka unapomeza mate. Ikae kwenye ngozi bila kukaza wala kulegea. Mwanamume anayezidi sentimita 43, au mwanamke anayezidi 41, anahesabiwa kuwa kwenye hatari kubwa zaidi. Ukikuta mahali pengine wameandika 40 kwa wote, usichanganyikiwe. Ndiyo namba iliyokuwa kwenye dodoso la awali la STOP-Bang, nitakalolieleza hapa chini.

Shingo inapimwa kwa sababu mafuta ya mwili hayakai tumboni tu. Yanajipanga pia kandokando ya koromeo na ndani ya ulimi wenyewe, mahali ambapo jicho halifiki.

Swali: Mimi ni mwembamba, shingo yangu ni sentimita 36. Mke wangu anasisitiza kwamba usiku nakata pumzi. Nimwamini nani, futi kamba au yeye?

Jibu: Mwamini mkeo. Anayelala kando yako akakuona umenyamaza ghafla, kifua kikihangaika, kisha ukashtuka kwa mkoromo, ameshuhudia tukio lenyewe. Futi kamba inakisia tu.

Wembamba unawadanganya wengi, wakiwemo baadhi ya wahudumu wa afya. Mtu anaweza kuwa na kilo chache lakini taya lake ni dogo au limerudi nyuma, na ulimi wa ukubwa wa kawaida ukakosa pa kukaa. Mtazame ubavuni: kidevu kimezama, na mstari wa kutoka kidevuni hadi shingoni unateremka mteremko mmoja badala ya kuwa na kona. Kuna kipimo kinachotumia kona hiyo. Rula nyembamba inawekwa kutoka kidevuni hadi kwenye gegedu lililo chini ya kikoromeo, halafu inapimwa nafasi kati ya rula na ngozi, katikati ya mstari. Ikizidi sentimita 1.5, uwezekano wa ugonjwa unapungua sana. Ikiwa ndogo kuliko hapo haithibitishi chochote, ila daktari hapaswi kukuruhusu uende hivihivi.

Swali: Kwa hiyo daraja la tatu na shingo nene vinatosha kusema naumwa?

Jibu: Havitoshi. Koo linapimwa ukiwa macho, umekaa, misuli inafanya kazi. Ugonjwa unatokea umelala, misuli imelegea, mara nyingi ukiwa chali. Wako watu wa daraja la nne wanaolala vizuri kabisa, na wa daraja la kwanza wanaokatika pumzi usiku kucha kwa sababu misuli yao inalegea kupita kiasi au ubongo wao unachelewa kuitikia. Kazi ya vipimo hivi ni kupanga foleni: nani apelekwe haraka kwenye kipimo cha usingizi.

Ndiyo maana huunganishwa na maswali. Dodoso la STOP-Bang, lililotolewa na Frances Chung na wenzake huko Toronto mwaka 2008, lina vipengele 8: kukoroma kwa sauti kubwa, uchovu wa mchana, kuonekana ukikata pumzi, presha, BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) zaidi ya 35, umri zaidi ya miaka 50, unene wa shingo na kuwa mwanamume. Kila "ndiyo" ni alama moja. Alama 0 hadi 2 ni hatari ndogo, 3 au 4 ya kati, 5 na kuendelea kubwa.

Jibu la mwisho linatoka kwenye kipimo cha usingizi, cha kulala hospitalini ukiwa na nyaya au cha kifaa unachokwenda nacho nyumbani. Kila hewa inapokatika, au inapopungua sana, kwa sekunde 10 au zaidi, hilo ni tukio moja. Matukio 5 hadi chini ya 15 kwa saa ni hali nyepesi, 15 hadi chini ya 30 ya wastani, 30 na kuendelea kali.

Swali: Si wapige tu picha ya koo yaishe?

Jibu: Picha zipo: eksirei ya kichwa ya ubavuni inayoonyesha taya na mfupa ulio chini ya ulimi, CT, MRI, hata kamera inayopitishwa puani mgonjwa akiwa amelazwa kwa dawa ili waone ni wapi panapoziba. Hizo humsaidia zaidi daktari wa upasuaji anayepanga akate wapi. Kwa uchunguzi wa mwanzo ni gharama bila faida kubwa.

Swali: Mwanangu ana miaka 4, anakoroma na analala mdomo wazi. Naye apimwe shingo?

Jibu: Kwa mtoto, shingo haina maana sana. Mkosaji mkubwa huwa tonsili na nyama za nyuma ya pua, ambazo katika umri huo ni kubwa ukilinganisha na koo. Tonsili hupewa daraja hadi la 4, ambapo zinakaribia kugusana katikati. Hata hivyo tonsili kubwa si hukumu, na ndogo si kinga, kwa kuwa nyama za nyuma ya pua hazionekani kwa tochi. Mwangalie usiku: anatoka jasho, analala kichwa amekipinda nyuma, amerudia kukojoa kitandani? Mchana, badala ya kusinzia, mtoto kama huyo mara nyingi anakuwa mtukutu na hatulii darasani. Mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Na kama unaweza, mrekodi video akiwa amelala. Dakika moja ya video humsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Swali: Nikipungua uzito, koo litafunguka?

Jibu: Kwa wenye uzito mkubwa, mara nyingi hali inakuwa nafuu. Utafiti uliofuatilia watu wa Wisconsin, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba kupungua uzito kwa asilimia 10 kuliendana na kupungua kwa matukio kwa takriban asilimia 26. Taya dogo halibadiliki kwa kupunguza uzito, kwa hiyo wengine bado watahitaji mashine ya kusukuma hewa, CPAP, au kifaa cha mdomoni kinacholivuta taya mbele.

Swali: Nimeambiwa koo langu ni daraja la nne, lakini sikoromi, sichoki na presha iko sawa. Nifanye nini?

Jibu: Kwa usingizi, hakuna la haraka. Ila ukipangiwa upasuaji siku yoyote, mwambie daktari wa nusukaputi kabla hajakulaza. Yeye atalitaka jibu hilo kuliko mtu mwingine yeyote.