Si kila tundu la HDMI hutoa sauti

Wengi wanaamini ukichomeka waya wa saundiba (spika ndefu ya TV) kwenye tundu lolote la HDMI la TV, sauti itatoka. Si kweli. Matundu hayo hupokea picha na sauti kutoka vifaa vingine. Linalorudisha sauti nje ni lile tu lililoandikwa ARC, utaratibu ulioanza na HDMI 1.4 mwaka 2009, au eARC, toleo lake jipya zaidi. TV ikishabanwa ukutani maandishi huyaoni, unapapasa kwa vidole tu, mwishowe unailaumu saundiba iliyo nzima. Nawasihi, pigeni picha mgongo wa TV kabla haijapanda ukutani. Kisha washa CEC, yaani njia ya TV na saundiba kuamrishana kupitia waya wa HDMI, kwenye mipangilio. Kama TV haina ARC, tumia waya wa optiki, unaopitisha sauti kwa mwanga, ila vua kwanza vile vifuniko vidogo vya plastiki kwenye ncha zake.