Je, wajua kwa nini anayelinda mpunga haitwi mlinzi?

Pita bonde la Mto Ruvu upande wa Bagamoyo wakati mpunga umeanza kutia maziwa. Utamkuta mtu kakaa juu ya dungu, yaani jukwaa la shambani, tangu alfajiri, kamba mkononi. Kamba hiyo imefungwa makopo matupu yaliyotundikwa kwenye miti huku na huku shambani. Akiivuta, makopo yanagongana na kundi la kweleakwelea linaruka. Likitua jaruba la pili, anashika kombeo na donge la udongo. Muulize anafanya nini, hatakwambia analinda. Anaamia ndege.

Mwingine atasema anawinga. Kuwinga ni lile tendo la kuwafukuza, kwa kelele au kwa donge. Kuamia ni kazi nzima, pamoja na kukaa juani muda mrefu bila kumwona ndege hata mmoja. Kamusi hulifafanua neno amia kwa kutumia linda, na wanafunzi hufundishwa kwamba hivyo ni visawe. Mimi visawe vya namna hiyo naviamini nusunusu. Hakuna aliyewahi kuamia benki.

Dungu lenyewe lina jina jingine: ulingo. Siku hizi ukitaja ulingo, watu wanawaza mabondia, au wanasiasa waliopanda ulingoni kuomba kura. Wote hao, wapende wasipende, wamesimama juu ya jukwaa la kufukuzia ndege.

Linda ndilo neno pana kuliko yote. Unalinda nyumba, mpaka, siri, heshima yako, hata afya. Humo ndimo anamotoka mlinzi, na humo ndimo linamotoka lindo, yaani mahali pa kulindia na pia kazi yenyewe: "Baba yuko lindoni." Kila mmoja hukaa lindo kwa zamu yake. Doria ni tofauti. Imetoka kwenye Kiarabu, na asili yake ni kuzunguka. Anayefanya doria lazima atembee. Gari lililoegeshwa chini ya mwembe mpaka kunakucha limekaa lindo, haliko doria, hata kama taarifa ya asubuhi itasema vingine.

Kukesha nako huchanganywa sana na kulinda. Anayekesha hajalala, basi. Anaweza kuwa anamuuguza mgonjwa, yuko kwenye mkesha wa Mwenge, au anacheza ngoma. Na mlinzi anaweza kulinda bila kukesha, jambo ambalo waajiri wengi wanalijua vizuri.

Mlangoni kuna bawabu, neno lililokuja na Waarabu pamoja na babu yake bab, yaani mlango. Kabla yake na sambamba naye palikuwa na mngoja mlango, kwa sababu kungoja zamani hakukuwa kusubiri tu. Kulikuwa pia kukaa penye kitu ili kisiguswe. Jina hilo limefifia, ila ndugu yake yu hai: mlinda mlango. Nenda uwanja wa Mkwakwani, Tanga, Coastal Union wakicheza, utamsikia mtangazaji akiwataja walinzi wanne na mlinda mlango mmoja. Hapo mlinzi ni beki. Mshambuliaji akitangulia nyuma ya mabeki kuusubiri mpira, ameotea. Kuotea ni neno la mwindaji: kujificha na kungojea mnyama apite. Ni kutazama kama kule kwa mlinzi, nia tu ndiyo imegeuka.

Lililosafiri mbali zaidi ni mgambo. Zamani mgambo ulikuwa tangazo la mtawala kwa raia, likitanguliwa na mbiu, yaani pembe iliyopulizwa ili watu wakusanyike. Ndiyo maana tunasema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Leo mgambo ni mtu, amevaa sare, na wauza matunda wa mjini wakimwona hawasubiri mbiu. Sungusungu walipata jina kwa njia fupi zaidi: sungusungu ni aina ya chungu weusi, na aliyewahi kukanyaga njia yao haulizi kwa nini kundi la wanakijiji wanaowasaka wezi likaitwa hivyo.

Yapo pia maneno ya ulinzi usio na mlinzi, na pwani yetu, Tanga hasa, inayajua. Kago ni dawa inayowekwa shambani ili mwizi asithubutu. Kuliweka ndiko kukaga. Nyumba huzindikwa, yaani huwekewa dawa ya kinga. Fingo hufukiwa ardhini kuukinga mji au nyumba. Hirizi huvaliwa mwilini, nayo kwa Kiarabu imetoka kwenye mzizi wenye maana hiyohiyo ya kuhifadhi na kukinga. Iwe unaziamini au la, kwa kulinda mihogo usiku zina nafuu moja kubwa: mwenye shamba analala. Kweleakwelea tu ndio hawajali kago, na kwa hiyo mpunga bado unahitaji mtu wa kuamia.