Kuovaraidi fankisheni ya private: pale watu wanapochanganya

Kuna hii imani eti fankisheni ikiwa private (inaitwa ndani ya klasi yake tu) kwa klasi mama basi mtoto, yaani klasi inayorithi, hawezi kuiovaraidi, yaani kuiandika upya kwa namna yake. Kwenye Java ni kweli, ya private mtoto haioni kabisa, akiandika yenye jina lilelile hiyo ni mpya tu, na kwenye C# kompaila (inayokagua na kutafsiri kodi) inagoma ukiweka virtual (alama ya kuruhusu mtoto aovaraidi) na private pamoja. Ila C++ ni habari nyingine, ikiwa virtual mtoto anaiovaraidi bila shida yoyote, anachonyimwa ni kuiita.

Nyingine, na hii ndo kubwa: mtu anachukua fankisheni ya virtual iliyokuwa public (yeyote anaweza kuiita), anaiovaraidi kama private, anaamini ameifunga. Hujafunga kitu boss! Tuseme klasi Umbo ina chora() ya public, Duara inayorithi Umbo ikaiovaraidi kama private. Ukiandika Duara d, d.chora(); inakataa, sawa, lakini Umbo* u = &d; u->chora(); inapita vizuri tu na inayoitwa ni ileile ya Duara uliyodhani umeificha, maana kompaila inakagua ruhusa kwa aina ya pointa (kinachoshika anwani ya kitu), hapa ni Umbo, programu ikishaanza kukimbia hakuna mlinzi tena mlangoni. Java hawataki huo mchezo, kupunguza ruhusa ni erori, kuongeza ruksa.

Sasa wengine wakishajua hivyo wanasema basi ruhusa kwenye ovaraidi ni mapambo. Wapi! Niliwahi kutumia laibrari moja ya wijeti (vitufe, madirisha na kadhalika) iliyojengwa juu ya Qt, laibrari ya C++ ya kutengeneza programu zenye madirisha, kule paintEvent, fankisheni ya kuchora wijeti, ni protected (inaitwa na klasi yenyewe na watoto wake), jamaa kwenye klasi yao ya katikati wakaigeuza private, mi nikarithi klasi yao nataka tu kuongeza kamstari kamoja juu ya mchoro wao, naita paintEvent ya kwao kompaila inanitolea nje, ikabidi nichore kila kitu upya. Yaani kama unaandika laibrari ya watu kurithi na huna sababu ya maana, acha ruhusa ileile aliyoweka mama.

Na eti virtual lazima iwe public? Cheki streambuf ya C++ yenyewe, klasi ya kusoma na kuandika data, unaita pubsync() ya public isiyo virtual, nayo ndani inaita sync() ambayo ni virtual na protected, mtoto anabadilisha kazi ila mlango unabaki wa mama. Destrakta (fankisheni inayoitwa kitu kinapofutwa) tu ndo usilete ujanja: kama vitu vitafutwa kwa pointa ya mama iwe public na virtual, kama havifutwi hivyo weka protected bila virtual.