Stata ya taa ya tyubu: tunayoyaamini Lamu na yaliyo kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote mitaani kwetu Lamu ni kwamba taa ya tyubu inayopepesa haina dawa ila kununuliwa stata mpya. Kwa kweli stata, kile kikopo kidogo kinachochomekwa kwenye taa ili kuiwasha, ina kazi ya sekunde chache tu. Ndani ya kikopo chake mna kichupa cha gesi chenye vibati viwili. Kimoja, kilichoundwa kwa metali mbili zilizoshikanishwa, hujipinda kikipata moto na kugusa mwenziwe, umeme ukapita kwenye nyuzi za ncha za tyubu na kuzipasha, kisha vikipoa huachana, na hapo ndipo choki, yaani koili ya waya iliyofungwa kwenye taa, inapotoa msukumo wa mamia ya volti unaoiwasha taa. Baada ya hapo stata hupumzika, kiasi kwamba hata ikichomolewa mwanga hauzimiki.

Kwa hiyo dalili zitazamwe kwanza. Ncha zikiwaka daima ilhali katikati ni giza, vibati vimegandana au kapasita ya stata, kile kipande kidogo cha kuhifadhi chaji kilicho kando ya kichupa, imeungua, na ni haki kuibadilisha. Lakini taa ikipepesa bila kukoma na ncha zake zimepiga weusi, aghalabu tyubu ndiyo iliyochoka, na kuiacha ikihangaika usiku kucha huiharibu hata stata iliyo nzima.

Wengine huamini kwamba taa isiyoonyesha dalili yoyote lazima stata yake imekufa. Huenda ikawa hivyo, ila katika nyumba zinazopigwa na upepo wa bahari mimi huanza na kishikizo cha stata, kwa sababu chumvi hula shaba na kuacha ukoga wa kijani, na stata nzima ikaonekana mbovu kwa kutogusa vyema. Zima umeme kwenye swichi kuu, maana swichi ya ukutani iliyounganishwa vibaya huacha umeme kwenye taa hata ikizimwa. Izungushe stata kidogo kushoto, itoe, usugue pini zake kwa msasa laini.

Kuifungua stata ili kuitengeneza sioni faida yake: vibati vilivyogandana havitengenezeki.

Wala si kweli kwamba stata yoyote hufaa. Tyubu moja ya futi 4, ya wati 36, kwenye umeme wetu wa volti 240 huhitaji stata iliyoandikwa wati 4 hadi 65; ile ya wati 4 hadi 22 ni ya tyubu fupi, hasa zinapofungwa mbili kwa choki moja. Taa ya choki ya elektroniki haina stata kabisa.