Ukikutana na Deirdre katika fasihi ya Ayalandi

Mwandishi wa Ayalandi akimwita mhusika wake Deirdre, msomaji wa huko humwonea huruma kabla hajatenda lolote. Jina hilo linanuka msiba. Lakini huruma hiyo ni nusu tu ya habari, na nusu nyingine imo katika kisa chenyewe cha kale cha Deirdre.

Nakala kongwe inayojulikana zaidi imo katika Kitabu cha Leinster, muswada wa karne ya 12, ingawa kisa kina umri mkubwa kuliko muswada. Conchobar, mfalme wa Ulster, eneo la kaskazini mwa Ayalandi, alikuwa karamuni nyumbani kwa msimulizi wake Fedlimid. Mtoto aliyekuwa bado tumboni mwa mke wa mwenyeji akapiga ukelele uliosikika nyumba nzima. Mwaguzi Cathbad akatabiri kwamba atazaliwa msichana, ataitwa Deirdre, na kwa ajili yake damu nyingi itamwagika. Wapiganaji walitaka auawe. Mfalme akakataa: alelewe mafichoni, akikua awe mkewe.

Siku moja ya theluji binti alimwona kunguru akinywa damu ya ndama aliyechinjwa. Akasema atampenda mwanamume mwenye rangi hizo tatu: nywele kama kunguru, mashavu kama damu, mwili kama theluji. Mwanamke aitwaye Leborcham akamwambia yupo, naye ni Naoise.

Naoise alipokutana naye alisita, kwani utabiri aliujua. Deirdre akamrukia, akamkamata masikio yote mawili, akamwambia haya ni masikio ya aibu na dhihaka usiponichukua. Huyo ndiye Deirdre wa kale, binti asiyengoja kuposwa.

Walitorokea Uskoti na ndugu wawili wa Naoise. Conchobar akawarudisha kwa hila, Fergus, mpiganaji wa Ulster, akiwa mdhamini wa usalama wao, na walipofika Emain Macha, karibu na Armagh ya leo, Naoise akauawa na Eogan, mpiganaji aliyemtumikia Conchobar. Deirdre alikaa kwa mfalme mwaka mzima bila tabasamu. Alipoulizwa anamchukia nani zaidi, akajibu: wewe na Eogan. Basi mfalme akaamua kumkabidhi kwa Eogan, na Deirdre akiwa juu ya gari la farasi, mfalme akamkejeli kuwa ni kondoo jike kati ya madume mawili. Deirdre akajigonga kichwa kwenye mwamba, akafa.

Mshairi wa Ayalandi W. B. Yeats alimpandisha jukwaani mwaka 1906. Mwandishi wa tamthilia J. M. Synge alifariki Machi 1909 kabla hajamaliza tamthilia yake, *Deirdre of the Sorrows* (Deirdre wa Huzuni). Ilionyeshwa Dublin mwaka uliofuata, na mchumba wake, Molly Allgood, ndiye aliyeigiza Deirdre. Kwa maoni yangu, anwani hiyo ya huzuni ndiyo iliyomfunika yule mshika masikio. Hata hivyo, wazazi hawakuliogopa jina: lilienea kwa watoto wa kike katika karne ya 20, baada ya tamthilia hizo.

Fergus naye, kwa hasira ya dhamana yake kuvunjwa, alihamia Connacht, eneo la magharibi, na watu wake. Ndiyo maana katika kisa kirefu cha vita vya kugombania fahali wa Cooley unamkuta mtu wa Ulster kambini kwa Medb, malkia wa Connacht na adui wa Ulster.